Bei ya Karata Moja

Jumapili moja alasiri nilikaribishwa katika ua mmoja huko Gatumba, hatua chache kutoka barabara iendayo mpakani, nikakuta watu wanne wameizunguka meza wakicheza karata. Juu ya meza hapakuwa na faranga hata moja. Palikuwa na maharage. Kila mchezaji alianza na punje mia mbili, na katikati ya meza lilikuwapo bakuli la bati lenye maharage yaliyokwisha kutolewa na wote.

Mmoja wao alikuwa mzee aliyestaafu jeshini zamani, ambaye majirani humwita Afande hata leo. Mkewe alikuwa ameketi kando juu ya mkeka, akichambua ndagala waliokauka. Wachezaji wawili walikuwa wamekwisha kujitoa katika duru ile, wakabaki Mzee na kijana mmoja fundi wa baiskeli. Bakulini zilikuwamo punje 60. Kijana akazisukuma punje zake 20 za mwisho, akakunja mikono, akamtazama Mzee usoni.

Mzee alinyamaza. Mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Ishirini kwa themanini. Si nne kwa moja hiyo, Baba watoto?"

"Ni nne kwa moja."

"Na kopa je?"

"Nne na kidogo," akajibu Mzee, naye akazitupa karata zake kifudifudi.

Kijana, kwa uchokozi tu, akaifunua karata ya mwisho. Ilikuwa kopa. Kama Mzee angalifuata, lile bakuli lingalikuwa lake. Watu wakacheka, kijana akapiga makofi, lakini Mzee akachukua kikombe chake cha chai akanywa kama mtu ambaye hakupoteza kitu. Na kwa hakika hakupoteza. Nia yangu leo, wasomaji wapenzi, ni kueleza kwa nini.

Mchezo huo huitwa poka. Katika namna ichezwayo zaidi siku hizi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha hufunuliwa mezani karata tatu za wote, halafu ya nne, halafu ya tano. Mwenye karata tano bora, akichanganya zake na za mezani, ndiye mshindi. Kati ya ufunuo mmoja na mwingine watu huweka dau. Ukiwekewa dau una njia tatu: kulifuata, kulipandisha, au kutupa karata zako na kuyaacha yote uliyokwisha kutoa. Yale yaliyokusanyika katikati tutayaita chungu. Nalipenda neno hilo, maana katika lugha yetu chungu ni lundo la vitu, tena chungu ni kile cha jikoni; na mezani pale Gatumba yalikuwa yote mawili, kwa kuwa jioni maharage yale yalipikwa.

Tuirudie hesabu ya Mzee. Mkononi alikuwa na karata mbili za kopa, yaani zile za alama ya moyo mwekundu. Mezani zilikuwa zimefunuliwa karata nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa kopa pia. Alihitaji kopa moja zaidi ili ziwe tano na kumshinda kijana. Karata zote ni 52. Sita alikuwa ameziona, zikabaki 46 asizoziona. Kopa zote ni 13. Nne zilikuwa zimeonekana, zikabaki tisa. Kwa hiyo karata tisa zilikuwa rafiki zake, na 37 zilikuwa adui.

Asiyeamini maandishi na afanye jambo hili nyumbani. Atwae maharage 46, tisa mekundu na 37 meupe, ayatie katika chungu chenye mdomo mwembamba. Amwite mtoto avute punje moja bila kuchungulia, kisha airudishe, achanganye, avute tena. Kila itokapo nyekundu, mtoto apewe punje 80. Kila itokapo nyeupe, alipe punje 20. Wakicheza kwa muda mrefu wataona kwamba, kwa wastani, katika kila mivuto 46 mtoto hupata 80 mara tisa, ndiyo 720. Naye hulipa 20 mara 37, ndiyo 740. Kasoro ni 20. Ni kidogo sana, lakini ni kasoro, na haikomi kwa kuendelea kucheza, huzidi.

Ndiyo maana Mzee alitupa karata. Sasa tuseme bakulini zingalikuwa punje 70 badala ya 60. Akilipa zile 20, angaligombea 90. Mara tisa 90 ni 810, na malipo ni yale yale 740. Hapo angalipata faida ya 70, na kutupa karata kungalikuwa kosa. Karata zake ni zile zile, uso wa kijana ni ule ule. Kilichobadilika ni bei tu.

Kwa hiyo mchezaji hodari hajiulizi kwanza, "Je, nitashinda?" Hilo hulijua Mungu peke yake. Hujiuliza, "Naombwa bei gani, na je, kitu chenyewe chastahili bei hiyo?" Njia fupi ya kuipata ni hii: twaa unachotakiwa kulipa, ukigawe kwa jumla ya chungu baada ya wewe kulipa. Mzee alitakiwa 20, na chungu kingalikuwa 100. Ishirini katika mia ni sehemu moja ya tano. Karata tisa katika 45 zingalikuwa sawasawa na sehemu moja ya tano. Tisa katika 46 ni pungufu kidogo. Basi. Mama yule wa ndagala hakusoma hesabu za juu, lakini amefanya biashara karibu na mpaka miaka mingi, mahali ambapo mtu hubadilisha faranga za Burundi, faranga za Kongo na dola kabla jua halijapanda, na asiyejua kulinganisha bei mbili kichwani hurudi nyumbani na kapu tupu.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa yule awekaye dau, nao una utajiri zaidi. Watu wengi hudhani dau kubwa ni ujasiri na dau dogo ni woga. La hasha. Dau ni bei unayomtoza mwenzako ili aione karata inayofuata, nawe ndiwe upangaye. Chungu kikiwa na 60 ukaweka 20, umemwuzia kwa sehemu moja ya tano. Ukiweka 30, nusu ya chungu, atatakiwa 30 katika 120, ndiyo robo. Ukiweka 60 kamili, atatakiwa 60 katika 180, ndiyo theluthi. Kijana wetu alikuwa na karata nzuri zaidi wakati ule. Laiti angalikuwa na punje za kutosha, ilimpasa kumtoza Mzee robo au theluthi kwa kitu chenye thamani ya chini ya moja ya tano. Mzee akifuata kwa bei hiyo, kijana hupata faida hata kama leo kopa itatokea. Ni kama mlinzi wa kivuko aliyewekewa jukumu la kutoza nauli: akiwaachia watu kuvuka kwa senti, asilalamike jioni sanduku likiwa jepesi.

Hata ulaghai una bei yake. Mtu asiye na kitu mkononi akiweka 60 katika chungu cha 60 ili mwenzake akimbie, anahatarisha 60 kupata 60. Hila yake yapasa kufaulu nusu ya nyakati ndipo asipate hasara. Akiweka 30, yatosha ifaulu mara moja katika tatu. Akiweka 20, mara moja katika nne. Kwa hiyo mwongo wa bei ndogo hahitaji kuaminiwa mara nyingi. Wasomaji wetu wa polisi watalielewa hili upesi kuliko mimi.

Elimu hii ina umri. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali ambalo kila aliyekaa kambini atalitambua. Watu wawili wanacheza, atakayetangulia kushinda mara tatu achukue chote. Wamekwisha kuweka sarafu 32 kila mmoja. Mara mchezo unakatizwa, mmoja akiwa na ushindi mara mbili na mwenziwe mara moja. Tarumbeta imelia. Wagawaneje? Pascal alijibu kwamba aliyetangulia achukue 48, na mwenziwe 16. Maana kama wangalicheza duru moja zaidi, wa kwanza angalichukua zote 64, au wangalilingana na kila mmoja kubaki na zake 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na zile 32 nyingine wagawane nusu kwa nusu. Tangu hapo wanadamu walianza kuihesabu bahati kama wahesabuvyo magunia, na bima zote za leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Nilimwuliza Mzee kwa nini hucheza kwa maharage. Hakunijibu mara moja. Alisema kwamba katika miaka ya themanini, akiwa askari kijana mwenye mtoto mmoja, alicheza usiku wa siku ya mshahara. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na karata mbaya. Kila dau lilipopandishwa alifuata, na kila alipofuata alijiambia neno moja: "Nimekwisha kutia nyingi, siwezi kuziacha." Kulipopambazuka mshahara wa mwezi mzima ulikuwa mfukoni mwa mwenzake wa chumba kile kile. "Nilikuwa nazilinda fedha zilizokwisha kuondoka," akasema. "Fedha ikishaingia chunguni haina baba. Si yangu, si yako. Ni ya atakayeshinda. Mimi nikadhani bado inaniita kwa jina."

Hilo ndilo kosa kuu mezani, nami naona lastahili kukaziwa kuliko hesabu ya kopa. Uliyotoa jana yameingia katika chungu, na huhesabiwa upande wa yale unayoweza kuyapata. Hayahesabiwi kamwe upande wa bei. Bei ni yale utakayotoa sasa. Achanganyaye mambo haya mawili atafuata kila dau hadi aishe, tena ataita jambo hilo uvumilivu.

Na mshahara wa askari hauwi wa askari peke yake. Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa jemadari wa majeshi ya washirika huko Ulaya na kisha rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961, alikuwa mchezaji hodari wa poka katika ujana wake jeshini. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika kambi ya Meade, alimshinda ofisa mmoja aliyekuja kulipa kwa hati za akiba ambazo mkewe alikuwa ameziweka wakati wa vita. Eisenhower aliona aibu. Kumrudishia kungalimvunjia yule ofisa heshima, kwa hiyo akapatana na wenzake wampoteze kwa makusudi, wakacheza hadi fedha zikarudi kwake. Wala haikuwa kazi rahisi, maana yule bwana alicheza vibaya hata kushindwa naye kulikuwa na taabu. Baadaye Eisenhower aliacha kucheza poka na askari wenzake.

Sharti nieleze pia kwamba mezani pa Mzee watu hugawana maharage ya wao kwa wao, na hakuna mwenye meza. Penye mwenye meza hesabu ni nyingine. Gurudumu la ruleti katika kasino za Ulaya lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka faranga 1,000 juu ya namba moja nayo ikatokea, hupewa faida ya 35,000. Bei ya haki ingalikuwa 36,000. Kwa wastani, mchezaji aliyeweka mara 37 hutoa 37,000 na kurudishiwa 36,000. Ile elfu moja hubaki ndani, na hakuna ustadi wowote utakaoitoa. Tiketi za kubashiri mipira ya Ulaya, ambazo vijana wetu huzikunja mifukoni, ni kali zaidi zinapounganishwa. Tuseme mwenye duka hujiwekea tano tu katika kila mia kwa mechi moja. Ukiunganisha mechi tano, makato huzidishana, na katika kila mia uliyotoa hurudi kwa wastani 77 hivi. Kijana huona zawadi kubwa iliyoandikwa chini, bei haikuandikwa.

Jirani mmoja wa pale, Mwislamu mwenye asili ya Buyenzi, alikuwa akitazama mchezo tangu mwanzo lakini hakukaa mezani hata mara moja. Kwake kamari ni haramu kwa neno la Kurani, na hata maharage, alisema, ni kizingiti. Mzee alimjibu kwamba kama angalikuwa na jirani wa namna hiyo katika miaka ya themanini, mtoto wake wa kwanza angalivaa viatu mapema zaidi.

Sasa nije kwenye dau kubwa ambalo nyumba ile ililiona, na ambalo halikuwa la karata. Mzee na mkewe hawaishi tena Gatumba. Ua ule ni wa jirani yao wa zamani, nao huja Jumapili kukitazama kiwanja chao. Mnamo Aprili 2020 mto Rusizi, uletao maji kutoka Ziwa Kivu, ulipasua kingo zake, na ziwa la Tanganyika lililokuwa limejaa halikuyapokea maji yale upesi. Maelfu ya watu wa Gatumba walihama. Maji yalipoteremka, Mzee alitumia kiasi cha faranga milioni tatu kuinua upya kuta kwa matofali ya kuchoma. Kisha fundi akamwambia kwamba sakafu nayo yapasa kuinuliwa, na gharama yake ni milioni moja na laki mbili.

"Nilitaka kulipa," alisema Mzee. "Niliona milioni tatu zimesimama pale mbele yangu."

Mkewe ndiye aliyemkatiza. Alimwuliza, "Baba watoto, hizo milioni tatu zimo chunguni au zimo mkononi?" Naye akakaa kimya, maana neno lilikuwa lake mwenyewe.

Wakahesabu. Nyumba ndogo upande wa Carama, penye mwinuko, ilikuwa ya kupanga kwa 80,000 kwa mwezi. Bei ya sakafu ilikuwa sawa na kodi ya miezi 15. Maji yakikaa mbali miaka mingi, sakafu ingalilipa kwa faida, na zile milioni tatu zingaliokolewa pamoja nayo. Hilo ndilo lililokuwa chunguni. Maji yakirudi kabla ya miezi hiyo 15, wangalipoteza sakafu na bado wangalipaswa kupanga.

Lakini karata mbaya zilikuwa ngapi? Hapa hesabu ya maharage hufika mwisho wake, kwani karata zilizobaki hujulikana idadi, bali ziwa halijulikani. Hata hivyo ziwa lina tabia. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga ulio upande wa Kongo karibu na Kalemie, na kwa sababu hiyo hujaa polepole na kupungua polepole. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya sitini ziwa lilipanda hadi 1964, na miaka mingi ikapita kabla halijashuka sana. Karata za poka hazina kumbukumbu. Zikichanganywa upya, duru ya jana imesahauliwa. Ziwa hukumbuka. Mwaka wa maji huja na nduguye. Mama huyo alikuwa amesikia jambo hilo kwa wavuvi wazee, akalitia katika hesabu, naye akaona bei ni mbaya. Wakapanga Carama.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena na Gatumba ikaingia majini. Nilidhani Mama angejisifu. Alinikatalia. "Miezi ile 15 ilikuwa imekwisha kupita. Kama tungaliinua sakafu, tungalikaa kwetu miaka ile mitatu na zaidi. Watu husema nilishinda, lakini mimi sikuijua karata. Niliijua bei." Alisema pia kwamba jirani mwenye ua ule aliinua sakafu yake, akaishi humo hadi 2024, na hamwiti mjinga, kwa kuwa jirani ana duka mbele ya nyumba, na duka likihamia Carama wateja wa barabara ya mpakani hawahami nalo. Chungu chake kilikuwa kikubwa zaidi.

Jua lilipoanza kuteremka upande wa milima ya Kongo, Mzee alipata tena karata mbili, safari hii za uru, na mezani zikafunuliwa uru mbili kati ya nne. Bakulini zilikuwamo 60. Mwenye ua, aliyekuwa na rundo la punje zaidi ya mia tatu mbele yake, akaweka 20. Ilikuwa hesabu ile ile ya mchana, nami nikangoja Mzee atupe.

Akafuata.

Nilishangaa, nikamnong'oneza Mama kwamba ni nne kwa moja. Akanionyesha kwa kidevu lile rundo la punje mia tatu. Fundi wa baiskeli mchana alikuwa ameweka za mwisho, hakuwa na nyingine za kutoa. Huyu anazo, tena ana sifa ya kutovumilia kutupa karata. Ikitokea uru, Mzee ataweka dau naye atafuata. Na kwa hesabu ile ya 740, punje tatu tu za ziada zatosha kugeuza hasara kuwa faida, kwani mara tisa 83 ni 747. Kwa hiyo chungu chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoonekana.

Karata ya tano ikafunuliwa. Ilikuwa shupaza. Mzee akatikisa kichwa, akazitupa karata zake, na mwenye ua akalivuta bakuli. Mama akasimama, akayakusanya maharage yote kutoka kila rundo bila kuuliza ni ya nani, akaondoa mawe mawili, akayatia chunguni.